Sigara Chuoni: Kanuni za Aina Nne, na Kila Moja Inafaa Wapi

Hoja ya sigara hurudi kila serikali mpya ya wanafunzi inapoapishwa, na kila ofisi ya mshauri wa wanafunzi inapopitia upya sheria ndogo. Wa ghorofa ya tatu wanalalamika kwamba moshi unapanda na kuwaingilia dirishani. Wavutaji wanasema hawana pa kwenda. Kuna mhadhiri anayevutia ofisini kwake na hakuna wa kumwambia. Kikao kinamalizika kwa sentensi moja, "Ni marufuku kuvuta sigara katika eneo la chuo," sentensi inabandikwa getini, na baada ya wiki mbili vipisi vimejaa chini ya vimbweta vilevile, yale mabenchi ya zege ya kusomea nje.

Sentensi ile ni njia moja kati ya nne ambazo vyuo huzitumia, na mara nyingi hupitishwa bila zile tatu kutazamwa. Ya kwanza ni kukataza kuvuta ndani ya majengo na katika umbali fulani kutoka mlangoni. Ya pili ni kutenga maeneo maalumu ya kuvutia. Ya tatu ni chuo kizima kisicho na moshi. Ya nne ni chuo kisicho na tumbaku wala nikotini ya aina yoyote. Nazipanga hapa kwa ajili ya wanaoandika au kupigia kura kanuni hizo: viongozi wa wanafunzi, walezi wa mabweni, mabaraza ya vyuo, na wenye hosteli binafsi nje ya geti.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano kwa kila njia.

*Moshi unamfikia nani.* Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilihitimisha kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara ya mwenzako kisicho na madhara. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine. Katika chumba cha watu sita, mmoja akivuta wote sita wanavuta.

*Bidhaa zipi zinaguswa.* Mifukoni mwa wanafunzi wa leo kuna fegi ya kununua moja moja kibandani, kuna sigara za kielektroniki ambazo wenyewe wanaziita vepu, kuna kuberi inayowekwa chini ya mdomo, na kuna vifuko vidogo vyeupe vya nikotini visivyotoa moshi wala harufu. Wazee wa ulinzi wana ugoro wao. Unguja na Mombasa utakuta tambuu yenye tumbaku. Kanuni inayosema "sigara" peke yake imegusa kitu kimoja katika orodha hiyo.

*Nani ataisimamia.* Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, na nakisema mapema ili msomaji ajue nimeegemea wapi. Ukiisoma rasimu ya kanuni, jiulize saa nne usiku, umeme umekatika, mlinzi yuko peke yake na tochi, atafanya nini akimkuta mtu anavuta. Kama jibu ni "hatafanya kitu", rasimu hiyo irudi mezani kwa mwandishi.

*Gharama*, ya fedha na ya muda wa watu.

*Mvutaji anaachwa wapi.* Huyu naye ni mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo, analipa ada au anapokea mshahara pale, na wengi wao walianza kabla hawajafika chuoni.

Pa kuanzia: sheria ya nchi

Chuo kinaruhusiwa kuwa kikali kuliko sheria ya nchi. Kulegeza hakiruhusiwi. Tanzania Bara ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayozuia kuvuta katika maeneo ya umma na kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kufanya kazi Julai 2008: ukivuta hadharani nje ya sehemu iliyotengwa unaweza kutozwa hadi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya sigara kumi, ingawa kila mwanafunzi anajua kibanda kinachouza moja.

Uganda ndiyo kali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2015, iliyoanza Mei 2016, imeweka umri wa kununua kuwa miaka 21, imepiga marufuku shisha na sigara za kielektroniki, na hairuhusu mtu kuvuta ndani ya mita 50 kutoka eneo la umma. Hebu pima mita 50 kulizunguka jengo moja tu. Duara hilo, hata ukilianzia kwenye mlango, linazidi ukubwa wa kiwanja cha mpira. Pale Makerere, kilimani, majengo yamekaribiana kiasi kwamba maduara hayo yanaingiliana, na anayetafuta nafasi halali ya kuvuta katikati yake atatembea sana. Kwa chuo cha Uganda, basi, njia ya kwanza na ya pili karibu hazina mahali pa kutekelezwa, na mjadala wa kweli ni kati ya ya tatu na ya nne.

Kuhusu shisha sitarefusha. Mbali na Uganda, Tanzania iliizuia mwaka 2016 kuanzia Dar es Salaam, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Huko Kenya marufuku hiyo imebishaniwa mahakamani, lakini sijaona chuo chenye sababu ya kuiruhusu bwenini, maana mkaa wake peke yake unatosha kuunguza godoro la sponji.

Njia ya kwanza: ndani marufuku, nje kwa umbali

*Moshi.* Jimbo la California lilianza hivi. Kuanzia Januari 2004 sheria ya jimbo ilizuia kuvuta ndani ya futi 20, yaani mita 6 hivi, kutoka milango mikuu na madirisha ya majengo ya umma, vyuo vya serikali vikiwemo. Kipimo hicho kina mantiki kwa jengo linalofungwa madirisha na kupozwa kwa mashine. Mabweni yetu yanapumua kwa madirisha ya nyavu yaliyo wazi usiku kucha. Mtu akisimama mita 6 kutoka ukutani, moshi wake unapanda taratibu hadi kwa waliolala juu, naye hajavunja kanuni yoyote. Kwa madarasa na ofisi njia hii inasaidia. Kwa mabweni inasaidia nusu.

*Bidhaa.* Kwa kawaida inagusa kinachowaka tu. Vepu inaweza kuongezwa kwa kuitaja. Vifuko, kuberi na ugoro viko nje kabisa.

*Usimamizi.* Katazo la ndani linaeleweka na watu wengi wanalitii bila kusukumwa. Ugumu uko kwenye umbali, kwani hakuna mlinzi anayetembea na futi kamba. Dawa yake ni rahisi: mstari wa rangi chini, mbele ya kila mlango. Usisahau kutaja korido, ngazi na baraza kwa majina, maana hapo ndipo ubishi wa "hapa ni ndani au nje" unapozaliwa.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote. Vibao, rangi, na ndoo za mchanga za kuzimia vipisi.

*Mvutaji.* Anabaki alivyokuwa. Hasumbuliwi, na hapati msukumo wa kuacha.

*Inamfaa nani.* Chuo kisicho na uzio mmoja. Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, mabweni na madarasa yake yametenganishwa na barabara za jiji. Ukitangaza "chuo kizima" itabidi ueleze chuo kinaishia wapi. Inafaa pia tawi jipya lililopanga ghorofa mbili katika jengo la watu wengine, ambako ngazi na lifti si mali yake.

Njia ya pili: maeneo maalumu

*Moshi.* Hapa kila kitu kinategemea mahali ulipoliweka eneo, na kwa vyuo vya pwani kuna jambo ambalo wachoraji wa ramani hulisahau. Upepo hugeuka. Kibanda kilichowekwa Januari, wakati wa kaskazi, kikaonekana kinapeleka moshi wake vichakani, kusi ikishaingia kinaupeleka maktaba. Atakayechagua eneo Dar es Salaam, Mombasa au Unguja alitazame katika misimu yote miwili kabla ya kumwaga zege.

*Bidhaa.* Unaweza kuzikusanya zote zinazotoa moshi au mvuke mahali pamoja. Hilo ni jema, kwa sababu mwenye vepu hawezi kudai kwamba yeye hahusiki.

*Usimamizi.* Hii ndiyo nguvu yake kubwa, na wanaoikataa mara nyingi hawaitazami. Mlinzi hasemi "usivute". Anasema "mzee, sehemu ya kuvutia iko pale." Mlinzi wa mshahara mdogo hawezi kumkemea profesa aliyefundisha miaka 20, lakini anaweza kumwelekeza bila mmoja wao kuvunjiwa heshima. Katika jamii zetu, ambako umri na cheo huamua nani anamwambia nani nini, kanuni inayompa mdogo maneno ya adabu ya kumwambia mkubwa ina nafasi ya kufanya kazi.

*Gharama.* Paa, benchi, taa, chombo cha majivu, na mtu wa kusafisha. Taa ni lazima, ama sivyo eneo litahama lenyewe kwenda kwenye mwanga. Lakini kuna mtego: ukilijenga vizuri mno, lenye kivuli na soketi ya kuchajia simu, wasiovuta nao watahamia huko kusoma. Baada ya muhula mmoja ni kijiwe, mwuza sigara moja moja amepata wateja wake wote mahali pamoja, na mwaka wa kwanza anajifunza kuvuta kwa sababu ndipo marafiki walipo. Weka benchi gumu, usiweke soketi.

*Mvutaji.* Anapata mahali pa heshima na pa usalama, ndani ya uzio. Bango la zahanati ya chuo likibandikwa hapo, linasomwa na watu wanaohusika kila siku. Wapinzani wanasema faraja hiyo inamchelewesha kuacha, na hoja yao ina uzito.

*Inamfaa nani.* Kampasi pana, iliyo mbali na mji, yenye wafanyakazi wengi wa zamu za usiku. Chuo Kikuu cha Dodoma kimetandaa juu ya vilima. Kumwambia mtu atoke nje ya chuo kwenda kuvuta ni kumwambia asafiri. Na kwenye nyasi kavu za kiangazi, kipisi kinachozimwa kwenye mchanga ni salama kuliko kinachotupwa kwa kificho. Kwa Kenya, ambako vibanda vya kuvutia viliwekwa hata katikati ya jiji la Nairobi, sheria inayatambua maeneo haya kwa masharti, hivyo mwanasheria wa chuo asome masharti kabla ya fundi kuitwa. Chuo cha tiba kisihangaike na njia hii. Huwezi kuwafundisha madaktari habari za mapafu kisha ukawajengea kibanda.

Njia ya tatu: chuo bila moshi

*Moshi.* Chuo Kikuu cha Michigan kilifanya hivi Julai 2011, na kilikuwa kimetangaza tangu 2009. Miaka miwili ya maandalizi! Hata hivyo kiliacha mianya miwili ya makusudi: mtu aliweza kuvuta ndani ya gari lake lililofungwa, na kando ya barabara kuu za umma zinazopita chuoni. Ndani ya uzio wanafunzi wanapata hewa safi kuliko katika njia mbili zilizotangulia. Moshi wenyewe haupotei, unahamia getini. Mama lishe wa nje, vijana wa bodaboda na nyumba za jirani ndio wanaoupokea, na vipisi vinaishia kwenye mtaro wa barabara. Kichungi cha sigara kimetengenezwa kwa aina ya plastiki, kwa hiyo mvua ya masika itavikuta bado vipo. Chuo kinachochagua njia hii kiongee na serikali ya mtaa kwanza.

Na kuna usiku. Mwanafunzi wa kike anayevuta, ambaye mara nyingi amejificha zaidi ya mwenzake wa kiume kwa kuogopa maneno, sasa anatakiwa atoke getini saa tano kwenda kusimama barabarani. Wanaopitisha kanuni hii wanapaswa kulijibu hilo. Wengine hufungua eneo moja la ndani kwa saa za usiku tu, na mimi sioni aibu katika hilo.

*Bidhaa.* Neno "moshi" lina kesi ndani yake. Vepu inatoa mvuke, na mwanafunzi yeyote wa sheria aliyefika mwaka wa pili atakushinda mbele ya kamati ya nidhamu kama hukuitaja. Andika wazi: kitu chochote kinachowashwa au kupashwa moto ili kivutwe. Bangi isichanganywe humu. Hiyo ina sheria yake ya jinai, na ukiiweka katika aya moja na fegi utawafanya walinzi wazichukulie sawa.

*Usimamizi.* Hapa vyuo vingi hujikwaa kwenye karatasi kabla ya kufika uwanjani. Sheria ndogo za wanafunzi hazimfungi mhadhiri wala fundi bomba. Wao wanaongozwa na kanuni za utumishi. Ukipitisha katazo kwenye kitabu cha wanafunzi pekee, umetunga kanuni ambayo anayeisimamia anaweza kuivunja mbele ya anayesimamiwa. Ipelekwe baraza la chuo, iingizwe kwenye nyaraka zote mbili, na hata kwenye mkataba wa kampuni ya ulinzi na ya usafi.

Vyumbani ni kugumu zaidi. Kwa vyuo ambako kubebana bado kupo, chumba kilichoandikishwa watu wanne kinaweza kuwa na saba, na anayebebwa hatamsema mwenyeji wake hata chumba kijae moshi. Adhabu kubwa ya ghafla huongeza usiri. Ngazi ndogo ndogo hufanya kazi vizuri zaidi: onyo la mdomo, kisha barua, kisha kikao na mshauri, na kunyang'anywa chumba kuwe mwisho kabisa.

*Gharama.* Vibao ni sehemu ndogo. Fedha inakwenda kwenye maelezo ya mara kwa mara, kila mwaka wa kwanza mpya anapofika, na kwenye zahanati.

*Mvutaji.* Nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Mtihani wa saa tatu, ukijumlisha foleni ya kuingia, unamkuta mvutaji mzito akiwa na hasira, mikono haitulii na akili haikai kwenye swali. Katika njia hii, atembee dakika 20 hadi getini au ajifiche chooni, na choo kitashinda. Wapo ambao usumbufu huo utawafanya wapunguze, na baadhi wataacha. Ila wiki ya kwanza ya kuacha ndiyo mbaya kuliko zote, kwa hiyo kanuni isianze kutumika karibu na mitihani. Ianze mwanzoni mwa muhula.

*Inamfaa nani.* Chuo chenye uzio, geti linalofanya kazi, na wanafunzi wengi wanaoishi ndani. Na kila chuo cha afya. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), pale Upanga, Dar es Salaam, kinapakana na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mahali wagonjwa wanapopita, mjadala wa kutenga eneo la sigara hauna haja ya kuanza.

Njia ya nne: bila tumbaku wala nikotini

*Moshi.* Sawa na njia ya tatu, pamoja na mambo yake ya getini.

*Bidhaa.* Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California, baada ya miaka kumi ya ile kanuni ya futi 20, uliamua kwenda moja kwa moja. Rais wake, Mark Yudof, aliwaandikia wakuu wa kampasi Januari 2012 akiwapa miaka miwili, na kuanzia Januari 2014 sigara, tumbaku ya kutafuna na sigara za kielektroniki zote zikazuiwa katika maeneo ya chuo, pamoja na kuuza na kutangaza tumbaku humo.

Sababu ya kwenda hadi kwenye nikotini inaonekana vizuri Kenya. Vifuko vya nikotini viliingia sokoni kwa jina la Lyft, vikiwa vimesajiliwa kama bidhaa ya dawa. Mwaka 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema usajili ule ulikwenda kinyume na sheria ya tumbaku. Kanuni ya chuo iliyotaja "tumbaku" isingevigusa, kwa kuwa ndani yake hamna jani la tumbaku, ni nikotini na viungo. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na nikotini huuvuruga. Wengi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza wako chini ya umri huo.

Lakini ukiandika "nikotini" bila kufikiri, umepiga marufuku dawa. Pipi za kutafuna na plasta za nikotini za kumsaidia mtu kuacha sigara ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Weka sentensi ya kuziruhusu. Chuo cha kilimo kinachofundisha au kutafiti zao la tumbaku nacho kinahitaji kifungu chake. Na lugha iwe ya adabu: kuna wanafunzi waliolipiwa ada kwa tumbaku ya Urambo, Kaliua au Migori, na hawahitaji kusoma getini kwamba baba zao ni wauaji.

*Usimamizi.* Kwa matumizi ni ngumu kuliko zote. Kifuko kilicho chini ya mdomo hakionekani, na mlinzi akianza kupekua midomo na mifuko, chuo kitapata mgomo kabla ya kupata afya. Nguvu ya njia hii iko kwenye biashara. Vibanda, migahawa na maduka ya vifaa vya kuandikia ndani ya chuo viko pale kwa mkataba wa pango, na kifungu kimoja katika mkataba huo, "hutauza bidhaa yoyote ya tumbaku au nikotini", kinasimamiwa na ofisi moja, mchana, kwa karatasi. Vivyo hivyo maonyesho ya ajira na udhamini wa mashindano. Sehemu hii inaweza kuazimwa na chuo chochote, hata kilichochagua njia ya kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kifungu chenye faida kubwa kwa kazi ndogo katika makala hii nzima.

*Gharama.* Kubwa, kama inafanywa kwa uaminifu. Ukimnyima mtu kila aina ya nikotini, umpe msaada: muuguzi aliyefunzwa kutoa ushauri, na dawa inapopatikana. Kanuni ya aina hii iliyo na zahanati yenye parasetamoli peke yake haijakamilika.

*Mvutaji.* Anabanwa kuliko kote, na akisaidiwa ana nafasi nzuri ya kuacha. Asiposaidiwa anajificha. Wafanyakazi wenye umri mkubwa, wa ugoro na tambuu, wataona wameonewa, kwani wao hawajamvutia mtu yeyote moshi. Wapewe muda mrefu zaidi.

*Inamfaa nani.* Chuo ambacho tayari kimeishi na njia ya tatu miaka michache bila vurugu. Pia chuo kidogo cha bweni, cha dini au cha ualimu, ambako watu wanajuana na maadili ya nyumba tayari yanaelekea huko. Kuanzia hapa moja kwa moja kwenye kampasi ya wanafunzi elfu 20 ni kujitafutia kanuni ya ukutani.

Kulingana na hali yako

Kama chuo chako kiko Uganda, andaa ya tatu, ukiongeza vifuko na kuberi kutoka ya nne. Sheria imeshakuondolea mengine.

Kama uzio haupo, au majengo ni ya kupanga, chukua ya kwanza, uandike korido na ngazi kwa majina, na ubadilishe mikataba ya vibanda.

Kama kampasi ni pana, iko mbali na mji, na mnaolalamikiwa zaidi ni wafanyakazi kuliko wanafunzi, anza na ya pili kwa tarehe ya mwisho iliyoandikwa, mathalani mwaka mmoja au miwili, halafu mpime tena. Bila tarehe, kibanda kitakuwa cha kudumu.

Kama malalamiko makubwa yanatoka mabwenini, njia ya kwanza na ya pili hazitakutosha peke yake. Unaweza kutumia ya tatu kwa eneo la mabweni tu, na nyingine kwa sehemu iliyobaki. Hakuna kinachokataza chuo kimoja kuwa na kanuni mbili, ilimradi mpaka uonekane.

Kama kinachoenea kwenu ni vepu na vifuko zaidi ya fegi, ya tatu haitawagusa wa vifuko. Nendeni kwenye ya nne, lakini muanzie kwenye kuuza na kutangaza, na katazo la kutumia lifuate muhula mwingine.

Kama ni chuo cha afya, ya tatu leo, ya nne mkishapata muuguzi na dawa.

Na kama wewe ni mwenye hosteli binafsi nje ya geti, huna kamati ya nidhamu wala baraza. Una mkataba wa chumba. Iandike kanuni humo, ya kwanza au ya tatu, useme nani atalipia godoro likiungua, na mpangaji atie saini kabla hujapokea kodi ya muhula.